Tela lilitaka kunipita Saranda

Shikamoo Mzee,

Mimi ni mnunuzi wa asali, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Kila msimu naenda Itigi na vijiji vya jirani kukusanya mzigo, na kila msimu faida yangu inaishia gesti. Unaambiwa warinaji watatoka porini kesho, kesho inakuwa keshokutwa, na chumba kinahesabu siku. Mwaka huu nikaona dawa ni kulala kwangu mwenyewe. Nikampata fundi mmoja hapa mjini, akanitengenezea tela la kulala: fremu ya engo, ubavu wa bati, kitanda mbele, kabati dogo la jiko, tenki la maji la lita 100 chini ya kitanda, na huku nyuma karibu na mlango nafasi ya kupanga ndoo. Ekseli aliitoa kwenye gari kuukuu, matairi mawili. Chuma cha kuvutia akakifunga kwenye bampa la gari langu, ambalo ni (jina nimelifuta mimi, Mzee, maana somo ni lile lile hata kwa gari lako wewe msomaji) la lita mbili, otomatiki.

Kwenda, tela likiwa tupu, nilisahau kama lipo. Kurudi nilikuwa na ndoo 30 za lita 20. Hesabu yangu ilikuwa hivi: ndoo 30 mara kilo 20 ni kilo 600, tela lenyewe kama kilo 400, jumla tani moja. Gari linalobeba watu watano na mizigo yao likapanda mlima, lishindwe tani moja iliyo juu ya magurudumu yake yenyewe?

Tulilala Manyoni. Nilipolifungua tela kutoka kwenye gari ili niende kutafuta mafuta, pua yake ikaruka juu, ndoo zikagongana, na shemeji yangu akacheka kwamba tela lina usingizi kuliko sisi. Asubuhi tukaanza kushuka Saranda. Nilikuwa kwenye 90 hivi. Upepo ulikuwepo, basi likatupita, na hapo hapo nikaliona tela kwenye kioo cha kushoto. Kufumba na kufumbua nikaliona tela lile lile kwenye kioo cha kulia. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Gari halikusimama, lilisukumwa. Mke wangu alikuwa kiti cha mbele anataja majina ya watoto mmoja mmoja. Mungu mkubwa, tuliishia pembeni ya barabara, magurudumu ya mbele yanafuka moshi. Shemeji, aliyekuwa amejilaza ndani ya tela kwa kuwa kiti cha nyuma kilijaa masega na vyombo, alitoka akiwa na asali mpaka magotini. Ndoo mbili zilipasuka.

Mke wangu anasema niuze tela. Fundi anasema tatizo ni springi za gari ni laini, ataniongezea jani moja, na mambo yatakaa sawa. Rafiki yangu dereva wa lori anasema tela likiyumba unakanyaga mafuta, linanyooka lenyewe. Jumamosi ijayo natakiwa Itigi tena. Nimsikilize nani?

Mnunuzi wa Asali, Dodoma

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma kwa ajili ya shemeji, kwa sababu umempitisha katikati ya sentensi kama vile ni ndoo ya 31. Tuanze na yeye, mengine yatasubiri. Tela likiwa barabarani halikai mtu ndani. Halina mkanda, halina mtu wa kusikia akipiga kelele, ubavu wake ni bati, na kama lingechomoka kwenye gari pale Saranda, wewe ungebaki na usukani na breki, yeye angebaki na godoro. Jikoni mna mtungi wa gesi. Kama kiti cha nyuma kimejaa masega, masega ndiyo yaende kwa tela na shemeji aje ndani ya gari. Hapa sina mjadala na wewe.

Sasa turudi kwenye hesabu yako, maana humo ndimo ajali ilimoanzia, siku nzima kabla ya mteremko.

Wewe unauza asali, lakini umeipima kama maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Asali ni nzito zaidi, lita moja hukaribia kilo moja na gramu mia nne. Ndoo yako ya lita 20 ikijaa ina kilo 28, na plastiki yenyewe sijaihesabu. Ndoo 30 ni kilo 840, siyo 600. Umejipunja kilo 240, karibu uzito wa watu watatu na nusu, kabla hata hatujafika kwenye tela.

Na tela nalo ulilikadiria kwa macho. Nilipokupigia simu nikakuomba ulipeleke kwenye mizani ya magari, moja ya zile za maghala ya nafaka kule Kizota, likiwa tupu kabisa, ulinirudishia jibu lililokunyamazisha wewe mwenyewe: kilo 690. Engo, bati, mbao na kitanda huwa havionekani vizito mpaka vikae pamoja. Sasa jumlisha. Tela 690, asali 840, maji lita 100 ambayo hukuyataja kwenye hesabu ni kilo 100, mtungi wa gesi wa kilo 15 pamoja na chuma chake tuseme 30, shemeji 70. Tunapata kilo 1,730. Wewe ulidhani unavuta tani moja.

Nilikuomba pia uangalie gari lako linaruhusu nini. Kwa magari yetu haya yaliyotoka Japani kuna kazi kidogo, kwa sababu kitabu kinakuja kwa Kijapani au hakiji kabisa, na kule Japani leseni ya kawaida humruhusu mtu kuvuta tela lisilozidi kilo 750 pamoja na mzigo wake, kwa hiyo magari mengi madogo hayakutengenezwa kwa kufikiria kazi kama yako. Lakini uzito wa gari tupu na uzito wa mwisho unaoruhusiwa huandikwa kwenye cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani, kile ulichompa wakala wa forodha. Chako kinasema tupu ni kilo 1,420, na likijaa mwisho ni 1,875. Ukapata na kitabu cha gari hilo hilo lililouzwa Ulaya, nacho kinasema hivi: tela lenye breki zake, kilo 1,500. Tela lisilo na breki, kilo 700. Uzito unaoruhusiwa kukandamiza kwenye gololi ya kuvutia, kile kichwa cha duara ambacho pua ya tela hukaa juu yake, kilo 75.

Tela lako halina breki. Kikomo chako ni 700, na tela tupu tayari ni 690. Yaani siku ile unatoka Dodoma, hujanunua hata kijiko cha asali, ulikuwa umebakiwa na kilo kumi, na tenki lilikuwa limejaa maji.

Najua swali litakalofuata, kwa sababu kila dereva huliuliza: mbona lilivuta? Lilipanda vizuri tu! Mwanangu, kuvuta siyo kazi. Bajaji ikifungwa kamba inaweza kuburuta lori kwenye tambarare ya Bahi. Kazi ni kulisimamisha. Breki za gari lako zilipimwa kwa kilo 1,875. Pale Saranda zilikuwa zinashikilia kilo 1,730 za tela pamoja na gari lenyewe na nyinyi wawili na vyombo, jumla zaidi ya tani tatu na robo, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, ukielekea chini. Ule moshi ulikuwa pedi zinaungua. Zikishachemka kiasi hicho unaweza kukanyaga mpaka sakafuni na gari likaendelea na safari yake.

Watu wetu husema ng'ombe haelemewi na nunduye. Tela siyo nundu. Nundu iliota pamoja na ng'ombe.

Sasa tuje kwenye ile pua kuruka juu pale Manyoni. Hapo ndipo ningetamani ningekuwepo, kwa sababu usiku ule tela lilikueleza kila kitu na shemeji akalicheka. Tela lililopangwa vizuri ukilifungua, pua yake huwa nzito, unainyanyua kwa kukaza mgongo. Lako liliruka lenyewe. Maana yake ndoo zilikuwa nyuma ya ekseli, zinabonyeza mkia, na pua ilikuwa inainyanyua nyuma ya gari badala ya kuikandamiza. Magurudumu ya nyuma ya gari yakawa hayakanyagi sawasawa. Tela la namna hiyo ni kama ndoo iliyofungwa kwenye mwisho wa kamba: kitu kidogo tu kikiisukuma pembeni, inaanza kubembea, na kila ikirudi inarudi na nguvu zaidi. Upepo wetu wa miezi hii ya kipupwe unautambua. Basi likikupita linakusukuma, kisha linakuvuta. Ukiwa kwenye 60 huo mbembeo unaweza kufa wenyewe. Kwenye 90, mteremkoni, haufi.

Kinachotakiwa ni pua kubeba sehemu ya uzito. Wamarekani hutaka asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote wa tela. Magari mengi ya Ulaya hayaruhusu uzito mkubwa hivyo kwenye gololi, kama lako la kilo 75, na wenzetu wa huko hulipia hilo kwa kwenda taratibu. Ujerumani gari dogo lenye tela kwa kawaida halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na zile ni barabara wanazoziita za kasi. Kilo 75 ni asilimia 10 ya kilo 750. Ona jinsi namba zote za gari lako zinavyorudi pale pale kwenye tela dogo.

Kupima pua ni rahisi, na wewe mizani unayo. Chukua ile mizani yako ya sahani ya kupimia ndoo. Simamisha tela mahali tambarare, weka vigingi kwenye matairi, panga mzigo wote kama wa safari, kisha tegemeza pua juu ya kipande cha mbao kilichosimama kwenye mizani, tela likiwa limelala sawa kama linavyokaa kwenye gari. Soma. Ikija kilo 20, sogeza mzigo mbele. Ikija 110, rudisha kidogo. Vitu vizito vikae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, chini sakafuni, vimefungwa. Kitanda, kwa kosa la fundi wako, kimekaa pale pale asali ilipotakiwa kukaa. Na kumbuka, kilo zinazokandamiza gololi zinahesabiwa kama mzigo wa gari, pamoja na wewe, shemeji na hayo masega.

Matairi. Picha uliyonitumia niliikuza. Pembeni, baada ya ukubwa, pameandikwa 79. Hiyo siyo mapambo. Ni namba ya uzito, na 79 maana yake tairi moja linabeba kilo 437 likiwa na upepo kamili. Mawili ni kilo 874. Wewe uliyapa zaidi ya 1,700, karibu mara mbili. Tafuta pia zile tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2316 ni tairi la wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kwenye picha yako tairi la kulia linasomeka, la kushoto limefunikwa na tope. Yale ya mtumba yanaweza kung'aa vizuri kwa kupakwa rangi nyeusi, lakini tarakimu hazidanganyi.

Kuhusu fundi. Simsemi vibaya kwa sababu simjui, na kazi ya kuchomelea inaonekana safi. Lakini chuma cha kuvutia hakifungwi kwenye bampa. Bampa la magari haya nyuma ya plastiki lina kibati ambacho kazi yake ni kukunjika ukigongwa. Chuma kifungwe kwenye chesisi yenyewe, kwa boliti, pande mbili, na juu yake kuwe na minyororo miwili inayopishana chini ya pua, ili gololi ikichomoka pua iangukie kwenye minyororo isijichimbie kwenye lami. Na jani la springi analotaka kukuongezea litanyanyua mkia wa gari, ndiyo. Gari litaonekana limesimama vizuri. Breki zitabaki zile zile, matairi yale yale, kilo 1,875 ile ile. Ni kama kumfunga mkanda mtu aliyevimbiwa.

Rafiki yako wa lori nimwambie nini? Mimi mwenyewe nilivuta matela miaka mingi kabla magoti hayajanikatalia, na niliwahi kusikia ushauri huo huo kwa mwenzangu tukiwa tunakwenda na mahindi kuelekea Mtera. Mwenzangu huyo alikuwa na injini kubwa na tambarare mbele yake. Wewe ulikuwa mteremkoni. Ukikanyaga mafuta pale unaongeza kile kile kinacholisha mbembeo, yaani kasi. Tela likianza kucheza, shika usukani sawasawa, usijaribu kulifukuza kushoto na kulia, toa mguu kwenye mafuta na usiguse breki kwa ghafla. Ulipozipiga breki gari lilipunguza mwendo na tela halikupunguza. Likaja juu yako. Mteremkoni kasi haishuki yenyewe, ndiyo maana gia ndogo huingizwa kule juu, kabla barabara haijainama, na kwa otomatiki yako ni kuhamisha kutoka D kwenda 2 au L wakati bado unakwenda polepole. Injini itapiga kelele. Iache ipige.

Msomaji mwingine atauliza mbona ulipita Nala bila kusumbuliwa. Mizani ya Nala inaangalia magari ya tani tatu na nusu kwenda juu, na inailinda barabara. Springi na breki zako haizijui.

Basi, tela uliuze au la? Mkeo ana haki ya kuogopa, na kama ningekuwa mimi ningemwomba radhi kabla ya kumjibu lolote. Ila sioni sababu ya kuliuza. Wazo la kulala kwako ni zuri. Kosa ni kwamba umetaka kitanda na asali visafiri pamoja nyuma ya gari la lita mbili.

Ningefanya hivi. Ningeng'oa tenki la maji na kabati, vibaki kitanda na jiko la kuweka chini, dumu mbili za maji zijazwe Itigi penyewe. Tela likishuka mpaka kilo 550 au 600, na chuma kikafungwa kwenye chesisi, na matairi yakawa mazima, linavutika ndani ya ile 700 kwa mwendo wa 70 mpaka 80. Asali ingerudi kwa Kanta, lile lori dogo la mizigo, ndoo 30 ni mzigo mdogo kwake, changa nauli na mnunuzi mwenzako. Reli ya zamani nayo inapita Itigi, Manyoni, Saranda na Bahi mpaka Dodoma mjini, kaulize stesheni wanapokea vipi vifurushi. Toa nauli hiyo kwenye faida, kisha linganisha na siku ulizolipa gesti. Kwa bei ulizonitajia bado unabaki juu.

Ukisisitiza asali ije kwa tela, ni mradi mwingine kabisa. Unahitaji ekseli yenye breki za msukumo: tela likilisukuma gari, chuma cha pua kinaingia ndani na kuvuta waya unaofunga breki za magurudumu ya tela lenyewe. Matairi yawe ya namba 95, kilo 690 kila moja. Hapo gari lako linaruhusiwa 1,500, lakini mimi nisingepita 1,250, kwa sababu Saranda ni Saranda. Tela 690, gesi 30, ndoo 18 ni kilo 504. Jumla 1,224. Ndoo ya 19 inabaki Itigi, hata kama mwenye nayo anakupunguzia bei. Hata hivyo pua ya tela hilo itabeba kilo 75 tu, asilimia sita hivi, kwa hiyo ukiona mshale wa mwendo umepita 80 ujue umeanza tena. Na pale unapopanda kutoka Kintinku kwenda Manyoni, ukisikia harufu ya kuungua, huenda ni mafuta ya giaboksi. Simama, lipoe.

Tela lisajiliwe TRA, lina namba yake peke yake, na mpigie mtu wako wa bima umuulize kwa maandishi kama bima ya gari inalihesabu.

Jumamosi hii usiende nalo, hata tupu, mpaka kile chuma kitoke kwenye bampa. Panda basi, lala gesti mara moja ya mwisho. Na lile tairi la kushoto lioshe tope, unitumie zile tarakimu nne.

Mzee